Moteri ikizima angani, ndege haianguki kama jiwe

Watu wengi huku Lubumbashi wananiulizaka: ndeke ya moteri moja ikizima huko juu, si tumeisha? Hapana jamani. Moteri kazi yake ni kusukuma, mwenye kubeba ni mabawa, na mabawa yanataka upepo tu upite kwa mwendo wa kutosha. Cessna 172, ndeke ndogo ya moteri moja, ikizima ikiwa mita 1000 juu ya ardhi inaweza kuteleza karibu kilomita 9, yaani rubani ana dakika kama nne za kutafuta pa kushukia. Ndio maana kitu cha kwanza si redio wala maombi, ni kushusha pua mwendo usipotee, fundo 65 hivi (kama kilomita 120 kwa saa), halafu ndio anaangalia tanki, anajaribu kuwasha, anaita Mayday, ule wito wa hatari kwa redio.

Kinachouaka ni tamaa ya kurudi. Umetoka tu ku pisti ya Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, uko mita 150, moteri kimya, pisti iko hapo nyuma na roho inakwambia geuka, ukigeuka kwa nguvu mwendo unaisha, bawa linaacha kubeba na chini hakuna nafasi ya kujirekebisha. Shuka mbele yako, kidogo kushoto au kulia, basi. Tena Luano iko karibu mita 1300 juu ya bahari, na joto ya mwezi wa kumi hewa inakuwa nyepesi, ndege inapanda polepole, kwa hiyo unakuwa chini kuliko ulivyofikiri.

Pa kushukia sasa. Huku kwetu adui ni vichuguu, vingine virefu kupita nyumba, na saa sita mchana kivuli chake ni kifupi, kutoka juu unaona majani tu, safi kama uwanja wa mpira. Mimi nachagua shamba ya mahindi iliyokwisha vunwa, hata kama ni ndogo.

Abiria: kaza mkanda, toa kalamu na miwani, inama. Rubani akifungua mlango kabla ya kugusa chini usishtuke, anaogopa fremu ikijikunja mlango usikwame.

Na nyinyi wa kijijini, ikishuka kwenu saidieni watu watoke, ila msije na sigara wala bido ya kuchota esansi (mafuta ya ndege, ile ya bluu inayovuja ku bawa), na panga ya mbele, ile inayozungushwa na moteri, msiiguse hata kama imesimama, ikizungushwa kidogo tu kwa mkono moteri inaweza kushika ghafla, na watoto ndio wa kwanza kuikimbilia.