"Mkataba wa Penn": picha ni ya kweli, tukio je?

Mwalimu mmoja wa historia hapa Dodoma ameniletea picha anayotaka kuitundika darasani. Wazungu wenye kofia pana, wakiongozwa na William Penn, Mwingereza aliyeanzisha koloni la Pennsylvania huko Marekani, wamesimama chini ya mti mkubwa, wanawakabidhi Wahindi Wekundu vitambaa. "Mama, hebu nitazamie, hii ni ya kweli?" Mimi ni mhifadhi wa nyaraka na picha za karatasi, na swali hilo naulizwa sana.

Karatasi ni ya kweli. Ni litografia, yaani picha iliyochapwa kwa jiwe, ya duka la Nathaniel Currier la New York, ya karne ya 19. Mbinu hii ilibuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790. Unachora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalipaka gundi iliyotiwa asidi kidogo, kisha unalilowesha. Wino wa mafuta hushika palipochorwa tu. Kwingine maji huukataa. Gundi yenyewe hutoka kwenye migunga, miti ambayo mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa, na hiyohiyo ndiyo hushikiza rangi za maji kwenye karatasi.

Weka lenzi juu ya uso wa mtu yeyote pichani. Utaona chembe nyeusi zisizo na mpangilio, alama ya chaki ilivyopita juu ya jiwe. Ukikuta vitone vya rangi vilivyojipanga safu kwa safu, hiyo ni nakala ya juzi iliyochapwa kwa mashine ya kisasa ya ofseti. Sasa fuata rangi. Hapa wekundu wa blanketi umevuka mstari ukaingia kwenye mkono wa aliyelishika, na umekolea pembeni pale brashi ilipoinuliwa. Dukani kwa Currier walikaa wanawake kwenye meza ndefu, kila mmoja na rangi yake, karatasi ikipita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Nikiutazama wekundu ule namfikiria mama huyo kuliko ninavyomfikiria Penn. Jina lake halikuandikwa popote kwenye karatasi, lakini kazi yake bado inaonekana.

Tukio sasa. Maandishi ya chini yanasema William Penn alifanya mkataba huu alipoanzisha Pennsylvania, 1661. Haiwezekani. Penn alizaliwa 1644, akapewa hati ya koloni 1681, akafika Marekani 1682. Kikao na Walenape, Wahindi Wekundu wenyeji wa eneo hilo, katika kijiji cha Shackamaxon husimuliwa kuwa cha wakati huo, naye alikuwa na miaka 38. Pichani ni mzee mnene.

Sababu ni kwamba mchoro huu umefuata mchoro wa rangi wa Benjamin West, aliyezaliwa 1738 na kuuchora London mwaka 1771 hadi 1772. Aliyeuagiza ni Thomas Penn, mtoto wa William, na hapo ndipo moyo wangu unapouma. Mwaka 1737 upande wa Thomas ulidai Walenape walishakubali kuachia ardhi ya umbali ambao mtu angetembea kwa siku moja na nusu. Wenyewe walitarajia mwendo wa kawaida. Upande wa Thomas ukasafisha njia mapema na kuajiri wakimbiaji watatu, na Walenape wakapoteza ekari zipatazo milioni 1.2. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, mtu huyohuyo akaagiza picha ya amani ya baba yake. Currier naye akaandika chini yake kwamba huu ndio mkataba pekee ambao haukuvunjwa kamwe.

Nimemwambia mwalimu aitundike, ila aifundishe pamoja na somo la Mjerumani Carl Peters. Wanafunzi wetu wanamjua chifu Mangungo wa Msovero, Usagara, majirani wa Ugogo, na mikataba ya mwishoni mwa 1884 iliyompatia Peters hati ya ulinzi ya Kaisari wa Ujerumani Februari 1885. Waulizwe kuhusu Penn kama wanavyoulizwa kuhusu Peters: nani ameandika, kwa faida ya nani, na aliyeporwa ardhi alielewa anakubali nini?

Kuhusu kuitundika: ukutani pasipopigwa na jua, maana rangi za maji hufifia na hazirudi. Ubao wa nyuma ya fremu nimeutoa, ulishaanza kuacha madoa ya kahawia kwenye karatasi. Nimeweka kadi isiyo na asidi, na kioo nimekiinua kidogo kisiguse rangi.