Mabinti wa London, ikulu na keki

Wengi bado wanaamini kwamba mabinti wa matajiri wa London hupelekwa ikulu ya Buckingham kumpigia goti mfalme, na kwamba mlango huo ulifunguliwa na damu ya ukoo tu. Yote mawili si kweli.

Utaratibu huo wa ikulu, wa kutambulisha mabinti mbele ya mfalme au malkia, ulikoma mwaka 1958. Dhifa ya dansi ya Malkia Charlotte, ambayo watu huichanganya nao, ni shughuli nyingine: huko mabinti huinamia keki. Naam, keki.

Na damu? Sharti la ikulu lilikuwa mdhamini, mwanamke ambaye mwenyewe alishatambulishwa hapo. Fedha ilipenya hapohapo. Bibi wa ukoo mkubwa aliyeishiwa aliweza kumdhamini binti wa tajiri asiye na jina, kwa malipo ya chinichini. Aliyeachika, hata awe na mali vipi, kwa muda mrefu alikataliwa.

Kuinama kulifundishwa: goti la kushoto nyuma ya la kulia, mgongo wima, unashuka polepole. Kabla ya Vita Kuu ya Pili gauni liliburuta sakafuni, na binti aliondoka bila kumpa mfalme kisogo. Kisigino kikikanyaga kitambaa, chini!