Kuacha boila ya mafuta ikiwaka kutwa hakupunguzi gharama

Kila baridi inapoingia, katika makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko Uingereza, Ireland na kaskazini-mashariki mwa Marekani huzuka tena ujumbe unaodai kwamba boila ya mafuta, yaani mtambo wa kupasha nyumba joto kwa kuchoma mafuta, ikiachwa iwake usiku na mchana hutumia mafuta machache kuliko ikizimwa watu wanapotoka. Sivyo. Kadiri nyumba inavyoizidi hewa ya nje kwa joto ndivyo inavyolipoteza haraka. Kwa hiyo ikipoa kutoka nyuzi 20 hadi 15 za Selsiasi, joto linalovuja hupungua, na mafuta ya kuipasha upya hayafikii yaliyookolewa. Wengi hukanganywa na mngurumo mrefu wa boila wanaporudi, kwa kuwa ule wa vipindi vifupivifupi, uliokuwa ukiendelea nyumba ikiwa tupu, hakuna aliyeusikia.

Anayetaka kuhakikisha apime kina cha mafuta tangini kwa kijiti, wiki mbili kwa kila mtindo, hali ya hewa ikilingana. Tunaomba sana ujumbe huo usisambazwe tena, maana familia zenye kipato kidogo ndizo zinazoumia. Kwenye baridi ya kugandisha tu, boila isizimwe kabisa: thamostati, yaani kidhibiti joto, ishushwe hadi nyuzi 12 hivi, mabomba yasije yakapasuka.