Je, Wajua Kwa Nini Mtu Mkimya Huchoka Watu Wakishaondoka?

Kuna watu ambao kwenye kikao cha chama wanacheka, wanachangia hoja, hata wimbo wa kufungua wanauanzisha wao, halafu jioni hiyohiyo hawataki hata kuulizwa watakula nini. Hapa Kisumu mtu wa namna hiyo husemwa ana maringo, au kuna mtu amemuudhi. "Nyar Gem (binti wa Gem), mbona umenuna? Shemeji amekufanyia nini?" Na maskini shemeji hajafanya lolote.

Wanasaikolojia humwita introvati, jina lililopata umaarufu kupitia daktari Mswisi Carl Jung mwaka 1921. Si lazima awe na haya. Mwenye haya huogopa watu. Introvati anaweza kuhutubia mkutano wa wazazi bila kutetemeka, ila akimaliza anatafuta pa kujificha. Profesa Brian Little wa Kanada, mkimya anayefundisha kwa mbwembwe, alikuwa akialikwa kuzungumza katika chuo cha kijeshi kilichokuwa kando ya mto. Ili asile chakula cha mchana na wenyeji wake, alisingizia kwamba anapenda sana kutazama meli, akaenda kutembea peke yake mtoni. Chuo kilipohamia mbali na mto, akawa anajifungia chooni.

Sasa kwa nini watu wamchoshe hivyo? Hans Eysenck, aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi London, alitoa maelezo yake mwaka 1967: ubongo wa mkimya, hata akiwa amekaa tu, uko macho zaidi kuliko wa mchangamfu. Mchangamfu anahitaji shamrashamra ndiyo aamke vizuri, ilhali mkimya anaongezewa kelele juu ya kelele. Kipimo kimoja kilichovuma kutokana na mawazo hayo ni cha limau. Mtu anadondoshewa matone ya maji ya limau kwenye ulimi, kisha mate yake yanapimwa. Kwa wastani wakimya walitoa mate mengi zaidi. (Usijaribu jikoni ukidhani utajijua, ukiwa na njaa mate huja yenyewe.) Watafiti waliofuata waliona maelezo hayo hayatoshi, wakageukia upande wa malipo: ubongo wa mchangamfu husisimka zaidi ukinusa faida, iwe pesa, sifa au kujulikana. Umati unamlipa. Mkimya naye halipwi kiasi hicho.

Lakini utafiti ulionifungua macho mimi ni wa Sointu Leikas na Ville-Juhani Ilmarinen wa Ufini. Waliwafuatilia wanafunzi kwa siku 12, wakiwauliza mara kadhaa kwa siku wamekuwa wakifanya nini na wanajisikiaje. Aliyetoka kuchangamana na watu alijisikia vizuri papo hapo, hata kama kwa tabia ni mkimya. Uchovu ulifika baadaye, baada ya muda wa saa tatu hivi. Tena haukubagua: ulimjia mkimya na ukamjia mchangamfu.

Ndiyo maana ule msemo wa vijana kwamba betri imeisha unapotosha kidogo. Betri ya simu unaiona ikishuka. Uchovu huu haupigi hodi. Unatoka mkutanoni saa kumi ukiwa mzima, unapanda tuktuk, unafika nyumbani unaimba, na saa moja usiku mtoto akileta daftari la hesabu unamkaripia. Unadhani kosa ni la hesabu.

Ushauri unaosikika kila mahali ni uvumilie wiki, wikendi utapumzika. Nani huyo mwenye wikendi? Magharibi mwa Kenya, Ijumaa mwili unatoka mochari, usiku kuna kesha, Jumamosi mazishi, Jumapili kanisa, na baada ya kanisa chama. Katikati ya wiki kumekuwa na mikutano ya kamati ya mazishi hayohayo. Mkimya anayengoja Jumamosi ili apumzike atangoja hadi Krismasi, na Krismasi ndiyo usiseme, maana ukoo mzima umeshuka kutoka Nairobi.

Kwa hiyo mapumziko yatafutwe ndani ya wiki, kwa vipande vidogo, na yawekwe pale uchovu unapotarajiwa kufika. Kama kikao kinaisha saa kumi, robo saa yako ni ya kabla ya saa moja, kabla hujaanza kugombana na watu wa nyumbani. Robo saa siisemi kwa kukisia. Mwaka 2018 Thuy-vy Nguyen na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu walikaa peke yao kwa dakika 15. Hisia zilizopanda zilishuka, mbaya na nzuri pamoja: hasira ilipoa, msisimko nao ukapoa. Aliyekaa bure alitulia, na aliyekuwa akisoma alitulia pia.

Tazama mwanamke anavyobeba sinia la mrenda hadi nyuma ya nyumba, akaketi kwenye kigoda, akaupa mlango mgongo. Mrenda hauchambuliwi kwa haraka. Majani ni madogo, kijiti kinatakiwa kitoke, na mkono ukishazoea kichwa kinabaki huru. Anayepita humwona ana kazi, kwa hiyo hamwiti. Wanaume hawana kisingizio kizuri kama hicho, labda kuosha pikipiki, na nimeona pikipiki safi zikioshwa tena.

Simu iache ndani. Ukikaa peke yako huku kundi la WhatsApp la kamati linatiririka "poleni sana" na orodha za michango, bado uko mkutanoni.

Mazishini kwenyewe utakwenda, tusidanganyane. Kuna wanaoanza kusema "mimi ni introvati" ili wasionekane kwa jirani aliyefiwa, na huo kwangu ni ukosefu wa adabu uliopewa jina la kisomo. Kinachowezekana ni kuchagua kazi. Omba daftari la michango. Unakaa mezani chini ya turubai, watu wanakuja mmoja mmoja, kila mmoja anataja jina na kiasi, unaandika, unasema asante, anaondoka. Hakuna anayetarajia upige soga huku unahesabu pesa za watu. Kukata vitunguu nyuma ya boma kunafaa vilevile, na macho yakitoka machozi hakuna atakayeuliza. Kazi ya kuepuka ni ya kupokea wageni langoni, maana huko utasalimia ukoo hadi jioni, na kila mzee atataka umwambie wewe ni mtoto wa nani.

Anayeishi chumba kimoja katika mitaa ya Kisumu kama Nyalenda au Manyatta na watu watano hana nyuma ya nyumba. Huyo nafasi yake iko njiani. Ashuke kabla ya kufika, atembee kipande kilichobaki. Kanisa katikati ya wiki mchana, kabla kwaya haijaja kufanya mazoezi, mara nyingi huwa na mabenchi matupu. Hapa Kisumu kuna maktaba ya umma, na humo kunyamaza ndiyo sheria. Dunga nako, kando ya Ziwa Victoria, upande wa mafunjo, ndege wanapiga kelele lakini hawataki jibu. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua huzama kwenye saa kumi na mbili unusu na kitu mwaka mzima, kwa hiyo ukitoka kazini saa kumi na moja unawahi. Ila iwe Jumanne au Jumatano. Jumapili saa hiyo nusu ya mji imekuja kula samaki, na lazima utakutana na mtu wa kamati.