Matundu madogo au kufunguliwa? Muulize daktari ameshafanya mara ngapi

Januari ni mwezi wa kampeni ya saratani ya shingo ya kizazi, na kliniki inajaa swali moja: "Daktari, si unitoboe tu, kuliko kunipasua tumbo?" Kutoboa ni upasuaji wa matundu madogo, ambapo kamera na vifaa virefu vyembamba hupitishwa tumboni; kupasua ni kufungua tumbo. Hofu hiyo naielewa. Lakini ukubwa wa kovu hauonyeshi kama saratani imeisha ndani.

Uzoefu wa daktari ndio wa kuuliza. Tazameni saratani ya tezi dume. Utafiti wa 2009, wa wagonjwa 4,702 waliofanyiwa upasuaji kwa matundu, ulikuta hivi: daktari aliyekwisha kufanya upasuaji 10, saratani ilirudi ndani ya miaka 5 kwa wagonjwa 17 kati ya 100. Aliyefanya 250, ni 16. Aliyefanya 750, ni 9. Kwa kufungua, utafiti wa 2007 ulionyesha kushuka kutoka karibu 18 hadi 11 daktari anapofikisha 250. Tena, waliobobea katika kufungua kisha wakahamia matundu walipata matokeo mabaya kuliko walioanzia huko huko. Ni mkono mwingine kabisa: ukisukuma kifaa kulia, ncha yake ndani ya tumbo inakwenda kushoto, macho yako kwenye skrini, na vidole haviwezi kupapasa uvimbe.

Shingo ya kizazi ina habari yake. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya wanawake 631 waliokuwa hatua za mwanzo. Madaktari walichujwa kwa rekodi na video za kazi zao. Hata hivyo, baada ya miaka 4.5, waliobaki bila ugonjwa ni asilimia 86.0 kwa matundu na 96.5 kwa kufunguliwa. Kwa hiyo tukikataa kukutoboa, jamani, si kwamba tunakunyima huduma ya kisasa.

Sasa fomu ya ridhaa. Anayekueleza awe daktari atakayekupasua. Muulize ameshafanya mangapi ya aina hii, kwa njia hii. Si utovu wa adabu. Jina la upasuaji liandikwe kamili. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi, ndipo aweke dole gumba. Unaweza kubadili nia hadi kabla ya usingizi.

Kwenye fomu hiyo upo mstari unaoruhusu kufungua tumbo ikibidi, hata kama tumeanza kwa matundu. Wapo wanaoukata kwa kalamu. Tafadhali acheni! Katika utafiti mmoja wa Uingereza wa saratani ya utumbo mpana, wagonjwa 38 kati ya 100 walioanziwa kwa matundu mwaka wa kwanza waliishia kufunguliwa. Mwaka wa 6 walikuwa 16. Damu ikichuruzika hatuwezi kukuamsha tukuulize. Mstari huo ukikatwa, tunaahirisha upasuaji hadi tuzungumze upya.