Je, wajua jinsi ya kulitambua jumba la sinema lisilo na sinema?

Mzee akikuonyesha jengo katikati ya Mwanza, tuseme karibu na Makoroboi, akasema, "Hapa tulikuwa tunaangalia picha," nawe unaona marobota ya mitumba tu, usihangaike kutafuta bango. Tazama sakafu.

Sakafu ya sinema huteremka kuelekea ukuta wa mbele, ili kichwa cha mwenzako kisikufiche stelingi. Mfanyabiashara akiligeuza jengo kuwa duka, ama anamwaga zege kusawazisha, ama anakubali makabati yake yainame. Inua macho: kenchi ndefu zimebeba paa lote bila nguzo katikati. Madirisha hayapo, maana mwanga ni adui wa picha. Sasa geuka nyuma, juu kabisa ukutani, utafute matundu madogo ya mraba. Humo ndimo mtambo ulimopitisha picha 24 kila sekunde. Chumba chake kilitengwa kwa kuta imara, kwani filamu za zamani za nitreti, zilizoacha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, zikishika moto hata maji hayazizimi.

Ndiyo maana kanisa au ghala hukaa vizuri humo: waumini wote wanaiona madhabahu, na mwizi hana dirisha la kuchungulia. Ofisi? Nani afanye kazi gizani mchana kutwa!

Watu hupenda kuilaumu televisheni kwa kuua sinema. Naona wanaionea. Kituo cha televisheni cha ITV kilianza 1994, majumba mengi ya sinema yakiwa hoi tayari. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, ya sinema yakiwemo, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, chombo cha serikali. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zikaadimika, na vipuri vya mitambo pamoja na filamu mpya vyote vilitoka nje. Kisha ikaja mikanda ya video, na mtu mwenye deki moja, televisheni moja na mabenchi akawa na sinema yake mtaani.

Hiyo ndiyo banda umiza. Sakafu yake ni tambarare, kwa hiyo tatizo la kichwa cha mbele likarudi palepale. Wenye mabanda hawakuchimba mteremko. Waliipandisha televisheni karibu na dari, shingo zetu zikalipa.