Je, wajua kwa nini mwenye karata kali ndiye anayevurugwa kwenye mnada wa briji?

Shemeji alifungua kwa pau moja. Katika mfumo tunaoutumia barazani kwetu, Mwanga hapa Kigoma, dau hilo halisemi lolote kuhusu pau. Linasema: nina pointi 16 au zaidi, jiandae. Kabla sijafungua mdomo, mzee aliyekaa kushoto kwake akasema taratibu, "Shupaza mbili." Nikasema pasi, na pasi ile ilitugharimu.

Kwa asiyeujua mchezo: briji huchezwa na wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja na karata 13. Ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, hivyo karata zote 52 zina pointi 40. Kwanza mnanadi, kisha mnacheza. Dau hupanda tu: pau, uru, kopa, shupaza, halafu bila turufu, kuanzia moja hadi saba. Hayo ni madau 35. (Majina ya karata tuliachiwa na Wareno, wanaosema paus, ouros, copas na espadas.) Namba ya dau huongezwa juu ya sita, kwa hiyo kopa nne ni ahadi ya kushinda mizunguko 10 kati ya 13.

Pau moja ndilo dau la chini kabisa, na ndiyo sababu wajuzi walilipa kazi ya kutangaza nguvu. Harold Vanderbilt, Mmarekani aliyeupa mchezo huu msingi wa hesabu yake ya sasa mwaka 1925, alilitumia hivyo mapema. Baadaye C. C. Wei, mzaliwa wa China, akatunga mfumo wake, na mwaka 1969 timu ya Taiwan iliutumia hadi kushika nafasi ya pili nyuma ya Italia kwenye ubingwa wa dunia.

Lakini dau hili lina udhaifu wake. Mfunguaji amesema ana nguvu, hajasema ziko wapi. Anahitaji nafasi ya kuzungumza na mwenzake polepole, naye mpinzani analijua hilo. Anafanya kama mtu anayepandisha bei ya dagaa pale Kibirizi ilhali hana nia ya kununua, ili mradi nyie msielewane. Hesabu nayo inamlinda: akipewa dabo (kauli ya kukuza adhabu ya dau la mpinzani) akakosa mizunguko mitatu, na upande wake hauko hatarini (hali iliyopangwa kabla ya mnada, inayokuza adhabu na zawadi), analipa 500. Kopa nne zenu, mkiwa hatarini, zina thamani ya 620. Hasara yake ni faida.

Dawa inaanzia kwenye jambo ambalo wengi hatulioni. Mpinzani akikaa kimya, siruhusiwi kusema pasi, maana shemeji ataachwa kwenye pau moja. Mnyonge mwenye pointi 0 hadi 7 hujibu uru moja. Mpinzani akinadi, zamu ya shemeji lazima irudi, kwa hiyo pasi sasa ni salama, na dabo nayo imezaliwa. Akisema uru moja, amenipokonya neno moja akanipa mawili! Akisema shupaza moja, amechukua matatu: uru, kopa na shupaza yenyewe. Hapo kweli ameanza kuuma.

Kwa hiyo makubaliano yanayopendwa na wengi ni haya: pasi ni pointi 0 hadi 4, dabo ni 5 hadi 7, na kutaja aina yako mwenyewe ni 8 au zaidi ukiwa na karata tano za aina hiyo, na hapo hamsimami hadi mfike dau la ushindi, yaani lenye zawadi kubwa, kama kopa nne. Ukisema bila turufu, uwe na karata ya kuizuia aina ya mpinzani. Akiruka hadi ngazi ya tatu, ugawaji huo mwembamba haufai tena. Huko dabo ibebe 8 na kuendelea, mnyonge anyamaze. Wapo wanaogawa vingine. Mimi naona afadhali kanuni mbovu mnayoikumbuka wote wawili.

Usiku ule nilishika malkia wa kopa, mfalme wa pau na ghulamu wa uru. Pointi sita. Shemeji alikuwa na 21, kopa tano zikiongozwa na ree na mfalme. Aliposikia pasi yangu alidhani sina kitu, akasema kopa tatu, nami nikanyamaza tena kwa woga. Tukashinda mizunguko 10, lakini kwa kuwa hatukunadi nne, tukaandikiwa 170 badala ya 620. Mzee alikuwa na shupaza sita na pointi tatu tu!

Kuna mtego mwingine. Dau la mvurugaji si lazima limaanishe linachokitaja. Kwa mtindo wa Lew Mathe, mchezaji Mmarekani, kwa mfano, dabo juu ya pau moja ni kopa na shupaza pamoja, na bila turufu moja ni pau na uru. Sheria inakuruhusu kuuliza maana zamu yako ikifika, na anayejibu ni mwenzake, si yeye.

Jumapili iliyofuata mzee alirudia shupaza mbili zake. Nikasema dabo. Aliyekaa kushoto kwangu akatua kikombe cha kahawa, akamgeukia shemeji: "Hiyo maana yake nini?"

"Tano hadi saba," shemeji akajibu, na kwa mara ya kwanza mzee akazitazama upya karata zake.